Jina la Ekua Esuon

7 Mei 1894, Jumatatu

Barua ya Mkaguzi imefika asubuhi wakati wa sala. Mchungaji Egyir aliisoma akiwa amesimama, kwanza kimya, kisha kwa sauti, na alipomaliza aliikunja mara nne hadi ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Mkaguzi atakuwa hapa Ekumansa tarehe 28. Mwaka jana watoto hamsini na mmoja walitahiniwa, wakafaulu ishirini na wawili. Mwaka huu wasipofika nusu, shule inafutwa kwenye orodha ya ruzuku. Misheni imeshasema haiwezi kutuendesha bila ruzuku, kwa hiyo kufutwa ni kufungwa.

Serikali hailipi shule, inalipa mtoto aliyefaulu. Huyu kasoma, huyu kaandika, huyu kapata hesabu, na msichana pia ashone pindo linyooke. Aliyefeli ni kama hakuja mwaka mzima. Tena hatahiniwi ila yule ambaye rejista inaonyesha amehudhuria siku za kutosha.

Bwana Bentsil ndiye mwalimu mkuu wetu. Alikwenda ubaoni akaufuta, kisha akaufuta tena ingawa ulikuwa safi.

Nimeanza kuandika humu kwa sababu siwezi kumwambia mama. Akijua hatalala. Ninafundisha darasa la kwanza na la pili, na ushonaji kwa wasichana wote, na mshahara huo ndio unaotulisha sisi wawili.

10 Mei

Nilimgeuzia Kobina Atta kitabu juu chini. Akasoma ukurasa wa kumi na nne wote bila kusita, hata penye koma akavuta pumzi. Darasa zima likacheka. Nilitaka kucheka nikashindwa. Darasa la pili lote linakijua kitabu kwa kichwa, hakuna anayekijua kwa macho. Mwaka jana Mkaguzi aliwataka waanze mstari wa chini kupanda juu.

11 Mei

Mvua. Paa la upande wa darasa la kwanza linavuja pale pale.

15 Mei, Jumanne



Bwana Bentsil ameshikwa na homa. Mkewe alikuja kuniomba niite rejista ya darasa la tatu na la nne badala yake. Nikaita. Nilikuwa naita haraka kwa sababu wangu wa darasa la kwanza walikuwa wanapigana kwa vibao, nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Ekua Esuon."



"Mwalimu," alisema Aba Gyanwa, "huyo si alikufa?"

Mwenzake akampiga kiwiko. "Nyamaza we! Huyo haitwi. Anawekewa tu alama."

Nikatazama. Mstari wa Ekua Esuon ulikuwa umejaa hadi jana. Yupo, yupo, yupo. Ekua tulimzika Februari, ndui ilimchukua. Aliondoka hapa Ijumaa akisema kichwa kinamuuma, na siku ya kumi na moja akawa kaburini. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa na tabia ya kulamba ncha ya uzi hata kabla ya kuukata.

Nikatazama mistari mingine. Wako sita zaidi, wale waliohama na wazazi wao kwenda machimboni tangu Machi. Wote wapo, kila siku wapo.

Nikamalizia kuita. Kisha, Mungu anisamehe, sikujua nimwekee Ekua alama gani, nikaacha nafasi.

16 Mei

Bwana Bentsil amerudi, macho mekundu, blanketi mabegani. Watoto walipotoka alifunga mlango.

"Kaa, Araba."

Nikakaa.

"Umeacha nafasi."

"Ndiyo, Bwana."

"Umewaona wangapi?"

"Saba. Sita wamehama. Na Ekua."

"Hesabu zako zilikuwa nzuri tangu ukiwa mdogo," akasema, na kweli ni yeye aliyenifundisha. Nilipokuwa na miaka kumi na minne wajomba walitaka kuniozesha. Akaja nyumbani na kola yake na viatu vyake vya Jumapili, akaketi barazani hadi wakachoka naye. Bila yeye nisingeshika kalamu hii.

"Mwaka jana nilifanya kila kitu kwa haki," akaendelea. "Kwamena alifelishwa kwa kukohoa katikati ya sentensi. Haki yangu ilifaulisha ishirini na wawili."

"Bwana, Ekua amekufa."

"Unaniambia mimi? Jeneza nililibeba kwa bega hili." Akajifuta jasho. "Walio hai na wapo hapa ni hamsini na wanne. Shule ikifungwa, hao unataka niwapeleke wapi? Niambie. Mpumbavu mimi, labda kuna mahali sipajui."



"Halafu," akasema taratibu, bila hasira, "chini ya kila mwezi kuna saini mbili. Moja yangu. Ya pili ya nani?"

Ya pili ni yangu. Kila mwisho wa mwezi alinisogezea rejista, nami nikatia saini nikiwa nimesimama, kitambaa cha ushonaji cha mwanafunzi mkononi, bila kusoma.

Akachovya kalamu, akanipa. Nikaijaza ile nafasi.

17 Mei

Sikula.

21 Mei, Jumatatu

Wamefika. Watoto saba, wameletwa kwa miguu kutoka Akrodu, juu mtoni, ambako misheni yetu ina shule nyingine. Watu wameambiwa ni wageni wa mke wa Bwana Bentsil. Hawa Mkaguzi ameshawapima kwao mwezi Machi, wakafaulu wote.

"Sasa si atawatambua?" nikauliza.

"Mzungu?" Bwana Bentsil akacheka, cheko la kwanza tangu barua ije. "Amepima watoto elfu moja mwaka huu. Kwake sisi sote ni sura moja tu."

Mmoja analala kwangu. Jina lake Efua Takyiwa, mwembamba, mikono mirefu, macho hayatulii. Kila mmoja ataitika kwa jina la mmoja wa wale saba, nami nimeambiwa nimzoeze huyu lake.

"Nikiitwa Ekua Esuon, niseme nipo," akarudia.

"Vizuri."

"Na Ekua mwenyewe yuko wapi?"

"Amesafiri."

Mama yangu alikuwa anasonga chakula. Mwiko ukasimama. Hakunitazama, wala mimi sikumtazama.

24 Mei

Efua anafanya hesabu za kugawanya kichwani, haraka kuliko mimi ubaoni.

28 Mei, Jumatatu

Leo ndiyo ilikuwa siku. Watoto walikuja wamepakwa mafuta wanang'aa, nguo zimepigwa pasi. Mchungaji Egyir alivaa koti jeusi tangu alfajiri. Tukangoja hadi saa tisa. Mto umefurika, kivuko hakipiti. Mjumbe alipiga kelele kutoka ng'ambo, tukasikia maneno mawili tu: "wiki ijayo".

Watoto wakashangilia. Bwana Bentsil akawachapa wawili kwa kushangilia.

4 Juni

Mto bado. Hakuja.

5 Juni

Mvua.

6 Juni

Mvua. Aba Gyanwa ameshona pindo kwenye sketi yake mwenyewe akiwa ameivaa, ikashikana na benchi. Siku nyingine ningecheka hadi kulia.

8 Juni, Ijumaa

Watoto wamemwambia. Nilijua watamwambia. Huwezi kuweka watoto sitini chumba kimoja na siri moja.

Nilimkuta Efua nyuma ya choo cha shule amechutama, mvua inampiga. Nikamvuta ndani, nikamvua nguo iliyoloa, nikamfunika kwa kitambaa changu. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Ulisema amesafiri."

"Nilikosea kusema hivyo."

"Hukukosea. Ulidanganya." Kisha akashusha sauti. "Mwalimu, wakiliita jina lake nami nikaitika, yeye atasikia. Atasema, nani huyo anaitika kwa ajili yangu? Atakuja kunitazama."

Nikamwambia wafu wa Kikristo wamepumzika, hawatoki. Nilisema kwa sauti ya darasani. Yeye akanitazama kama anavyotazama hesabu iliyokosewa ubaoni.

"Basi kwa nini wewe mwenyewe unaogopa?"

"Mimi naogopa Mkaguzi."

"Hapana. Ukipita kwenye benchi lile unapita mbali."

Ni kweli. Sikujua kama inaonekana. Ni benchi la dirishani, alipokuwa anakaa Ekua, na sasa wamemkalisha Efua hapo hapo ili azoee.

Nikaenda kwa Bwana Bentsil, nikamwomba huyu arudishwe kwao, wabaki sita. Akasema kivuko hakipiti. Nikasema alikuja kwa njia ya juu. Akasema njia ya juu imeliwa na maji. Kisha akasema, akitazama dirisha, "Ndiye mwenye akili kuliko wote, Araba. Bila yeye nimehesabu, hatufiki nusu." Nikaona kidevu chake hakijanyolewa siku nyingi, na vifungo vya koti lake havikuwa katika matundu yake. Nilikuwa namwogopa kama mtu mwenye nguvu. Leo nimemwogopa kama mtu anayezama, anayeshika chochote kilicho karibu.

12 Juni, Jumanne

Mama Kwansima, mama yake Ekua, amerudi kuuza dokono, madonge ya unga wa mahindi, penye ua wa shule. Tangu msiba hakuwa ametoka. Bado amejifunga kitambaa cheusi. Zamani alikuwa ananiudhi, mbishi wa bei, mtu wa kupigia kelele darasa kutoka nje: "Mwalimu, waachie basi, dokono linapoa!" Leo alikaa kimya na beseni lake, watoto wakanunua kwa kunong'ona.

Efua alipita. Mama Kwansima akamwita.

"Wewe ni wa nani?"

"Mgeni, mama."

"Chukua." Akampa donge moja la juu bila kulipa, la mahindi mapya, bado limefungwa kwa majani na linatoa mvuke. "Chukua tu. Una mwendo kama wa mwanangu."

Efua alilileta hadi kwangu bila kulifungua. Hatukulila. Tulilitazama likipoa.

14 Juni

Nimewaza kumwambia. Nilifika hadi penye ua. Nikanunua dokono, nikarudi.

19 Juni

Mto umepungua. Mkaguzi yuko ng'ambo, naye ana homa. Ijumaa bila kukosa.

21 Juni

Nimemsuka Efua nywele. "Kesho ni siku moja tu," nikamwambia. 

22 Juni, Ijumaa

Nitaandika yote kwa utaratibu, kama yalivyokuwa.

Asubuhi mvua ilikatika, jua likatoka kali. Wazazi walijaa kuzunguka kuta, wamevaa vitambaa vyao vizuri, wamenyamaza kama kanisani. Mkaguzi alibebwa kwenye machela hadi mlangoni, akashuka mwenyewe. Mwezi na nusu nilikuwa namtengeneza kichwani kama simba. Ni mtu mfupi, rangi ya nta, midomo imekauka, akashika mlango kwanza ndipo akaingia. Mkalimani wake alibaki ng'ambo, mgonjwa kuliko yeye. Alikaa, akaomba maji, akafungua rejista, akaanza kuita mwenyewe.

Wale sita waliitika. Aliita jina, akainua macho, akateremsha. Bwana Bentsil alisimama wima karibu na ubao na fimbo yake mgongoni, na fimbo ilikuwa inatikisika.

"Ekua Esuon."

Alilisema vibaya, kwa kuvuta, lakini lilikuwa lile lile. Efua akasimama. Midomo yake ilikwenda, sauti haikutoka. Akajaribu tena.

"Nipo."

Nyuma, penye mlango, beseni likaanguka.

Sikuwa nimemwona. Alikuwa amekuja na wengine kutazama. Watu wakampisha, akapita katikati ya mabenchi na kitambaa chake cheusi, akasimama mbele ya meza ya Mkaguzi. Hakulia. Aliongea kwa sauti yake ya zamani, ile ya kupigia kelele darasa.

"Nani ameita jina la mwanangu? Mwanangu nimemzika. Mnamwita wa nini? Na huyu mtoto wa watu mbona anaitika?"

Mkaguzi akatazama huku na huku. "Mwanamke huyu anataka nini?" akauliza kwa Kiingereza.

Bwana Bentsil akafungua mdomo. Likatoka neno moja lisilo neno. Mkaguzi akakunja uso, akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa karibu. "Wewe, mwalimu. Anasema nini?"

Nilisikia nzi. Nilisikia maji yakidondoka kutoka paani ndani ya ndoo ya darasa la kwanza, ingawa mvua ilikuwa imekwisha. Wazazi wote walikuwa wananitazama, nao hawajui Kiingereza. Mchungaji Egyir anakijua vizuri kuliko mimi. Nikamtazama aniokoe. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Nikasema, "Bwana, ni mama wa mtoto huyu. Anasema binti yake ameondoka bila kula. Amemletea chakula."

Uso wa Mkaguzi ukalegea. Akatabasamu, tabasamu la mtu mgonjwa mwenye watoto mahali fulani. "Mwambie awe na amani," akasema. "Mtoto atakula tukimaliza. Mwambie ni mama mwema."

Mama Kwansima alikuwa ameliona lile tabasamu. Akanigeukia. "Anasemaje?"

Na mimi, ambaye nilidhani nimekwisha maliza, nikaona kwamba bado kuna upande wa pili.

"Anasema pole, mama. Anasema jina limeitwa kwa makosa, litafutwa. Mtoto huyu alidhani ameitwa yeye."

Alinitazama. Kisha akamtazama Mkaguzi, na hapo ndipo macho yake yalipojaa. Akapiga goti kidogo. "Mwambie asante," akasema. "Mwambie hakuna mkubwa aliyenipa pole tangu nimzike."

Nikamwambia Mkaguzi, "Anasema asante." Ndilo neno pekee la kweli nililofasiri leo.

Wakamtoa nje kwa upole. Mtihani ukaendelea. Darasa la pili walisoma kutoka chini kwenda juu, Kobina Atta akakwama, wengine wakapita. Darasa la tatu wakapewa karatasi: imla, kisha hesabu nne. Kila mtoto aandike jina juu. Mimi nikaambiwa nikusanye.

Efua alikuwa amemaliza kabla ya wote. Aligeuza karatasi, akakunja mikono. Nilipofika kwake akanipa bila kuachia mara moja, nikaona. Hesabu zote nne zilikuwa sahihi, na juu, kwa hati nzuri iliyolala upande mmoja kama tulivyomfundisha, ameandika *Efua Takyiwa*.

"Umesahau," nikanong'ona.

"Sijasahau."

Kulikuwa na wino mezani. Kulikuwa na nafasi. Karatasi hiyo ningeweza kuidondosha, kuimwagia maji, kuiweka kifuani. Nilisimama pale na Bwana Bentsil akanitazama kutoka ubaoni, akadhani nahesabu.

Nikaiweka katikati ya nyingine, nikazipeleka mezani.

Sikufanya hivyo kwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka kusema uongo, kama mtu anavyochoka kubeba maji. Mkaguzi alizifunga kwa utepe bila kusoma, akazitia kwenye sanduku la bati. Saa kumi alivuka mto.

Bwana Bentsil alinishika mikono yote miwili. "Umetuokoa," akasema. "Sikujua unayo hiyo ndani yako."

23 Juni

Nimetapika.

25 Juni

Efua amerudi kwao na wenzake. Aliniaga vizuri, kwa adabu zote. Hakuniambia kwa nini aliandika vile, nami sikumuuliza. Mama yangu alimfungia samaki mkavu.

27 Juni, Jumatano

Nimemwambia Mama Kwansima.

Nilikwenda kwake mchana. Alikuwa anatwanga, akaendelea kutwanga nilipoanza, na akaacha nilipofika mahali pa Mkaguzi na pole yake. Nilimwambia kila neno, alichosema yule mzungu kweli na nilichosema mimi. Nilitaka anipige.

"Kwa hiyo hakunipa pole," akasema.

"Hakujua, mama."

"Pole ile ilikuwa yako?"

"Ilikuwa ya uongo."

Akatazama kinu. "Na katika kitabu chenu, mwanangu anaendelea kuja shule."

"Kila siku anawekewa alama."

"Nionyeshe."

Tukaenda. Bwana Bentsil alikuwa ameshakwenda nyumbani, ufunguo upo juu ya mlango. Mama Kwansima hajui kusoma. Nikamwonyesha mstari, akauwekea kidole, akausogeza taratibu, alama moja baada ya nyingine, wiki baada ya wiki.

"Zipi ni zake mwenyewe?"

Nikamshika kidole nikakisimamisha kwenye Ijumaa ile ya Februari. "Hii ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo ni sisi."

Akabaki na kidole pale. Akauliza siku hiyo mwanawe alifanya nini. Nikajaribu kukumbuka, nikakumbuka: alimaliza ukosi wa blauzi, nikauvuta, mshono haukufumuka. Akauliza kama ninao. Nilikuwa nao katika sanduku la ushonaji, pamoja na kazi zilizowekwa kwa ajili ya mtihani. Nikampa.

Akaondoka bila kusema atafanya nini. Tangu hapo hauzi tena shuleni. Kila nikisikia hatua nyuma yangu nadhani ni yeye anakwenda kunisema, na sijui ni kwa nani.

2 Julai

Hakuna barua.

9 Julai

Hakuna barua. Bwana Bentsil anaimba darasani.

13 Julai, Ijumaa

Barua. Waliofaulu ni thelathini na wanane. Mchungaji alisoma hapo kwa sauti kubwa, Bwana Bentsil akafumba macho. Kisha Mchungaji akaendelea kusoma, sauti ikapungua. Kati ya karatasi za darasa la tatu ipo ya mtoto aitwaye Efua Takyiwa, ambaye hayumo katika rejista ya Ekumansa, lakini yumo katika kitabu cha Mkaguzi mwenyewe, Akrodu, mwezi Machi. Ruzuku imesimamishwa. Rejista ipelekwe pwani. Mwalimu mkuu ajieleze.

Bwana Bentsil alifumbua macho, akanitazama mimi moja kwa moja. Alielewa papo hapo. Ni mimi niliyekusanya zile karatasi.

Nilingoja anitaje. Hakunitaja.

17 Julai

Mchungaji Egyir amenisimamisha njiani. "Siku ile mimi sikusikia vizuri uliyofasiri," akasema. "Mvua ilikuwa kubwa."

"Mvua ilikuwa imekatika, Mchungaji."

Akaondoka haraka, mwavuli umefungwa.

24 Julai, Jumanne

Bwana Bentsil amefukuzwa. Cheti chake kimefutwa, miaka kumi na tisa ya kazi. Shule haijafungwa, lakini mwaka huu hakuna ruzuku, na wazazi wamekubali kulisha walimu kwa zamu hadi misheni iamue.

Nilimsindikiza hadi kivukoni. Mkewe alitangulia na mizigo. Nilitaka kuomba msamaha na nilitaka aniombe mimi msamaha, kwa hiyo tulitembea kimya.

"Nimewaandikia," akasema mwishowe, "kwamba saini yako ya kila mwezi niliighushi. Watakuita kuuliza. Wewe sema ndiyo, yaishe."

"Bwana, hukuighushi."

"Sema ndiyo, Araba. Kazi yangu imeshaondoka, usinifuate kama kifaranga."

Alikanyaga ndani ya mtumbwi, kisha akageuka, akashika ukingo.

"Yule binti. Zile hesabu nne, alipata ngapi?"

"Zote nne."

"Zote." Akatikisa kichwa, na kwa muda ule mfupi alikuwa mwalimu wangu tena, yule wa barazani. "Hata ile ya ratili na aunsi?"

"Hata hiyo."

1 Agosti

Nimeitwa pwani, Jumatano tarehe 8. Siku tano nilijiambia nitasema ndiyo, aliighushi. Ni uongo mdogo, na safari hii mwenyewe ameniruhusu. Kisha jana nikaandika barua kwamba saini ni zangu. Nikaituma kabla sijaisoma mara ya pili. Tangu nilipoituma nahisi kama mtu aliyeacha mlango wazi na hajui nani ataingia. Mama nimemwambia yote. Alisema alijua tangu mwiko uliposimama.

6 Agosti, Jumatatu

Naandika nikiwa ng'ambo ya mto, juu ya gogo, mguu umeloa hadi gotini.

Asubuhi nilipofika kivukoni nilimkuta Mama Kwansima ameketi na kifurushi, amejifunga kile cheusi. Nikadhani anakwenda sokoni. Nikamwamkia, nikasimama mbali.

"Unakwenda kwa wazungu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nakwenda. Nitawaambia mwenyewe kwamba mwanangu amekufa, wamwandike hivyo, kwenye kitabu hicho hicho. Safari hii atafasiri mtu mwingine. Wewe utakaa kimya."

"Nitakaa kimya."

"Na wakikuuliza yako, sema yako."

Mtumbwi ulikuja. Maji bado ni mengi, mekundu, yanakwenda na matawi mazima.  Nilimuuliza kama haogopi kuonekana pwani akitembea na mimi, baada ya niliyomfanyia.

"Yako tutaongea huko mbele, safari ni ndefu, na nina mengi ya kukwambia, usidhani yamekwisha," akasema, akapandisha kitambaa chake hadi magotini. "Ninachoogopa sasa ni huu mto. Sijui kuogelea. Nishike mkono."